Magego ya Mama

Katika Bunia niliyokulia, mashariki mwa Kongo, jino linalouma lilikuwa na tiba moja tu, nayo ni koleo. Kabla ya kufika huko mtu alikuwa amekwisha kusukutua maji ya chumvi na kubana karafuu kwenye tundu, na wazee wengine walishikilia pombe kali ya kaikpo mdomoni mpaka shavu lipate ganzi. Kukesha mfululizo ndiko kulikompeleka mtu dispensari. Pale palikuwa na kiti cha mbao, sufuria ya kuchemshia koleo juu ya jiko la makaa, na kijana wa kumshika mgonjwa kichwa. Sindano ya ganzi ulichomwa siku ambayo dawa ipo.

Mama alipoteza magego yake hivyo, moja baada ya jingine. Namkumbuka munganga, tabibu wa dispensari, mtu mpole, akimwinamia: "Mama, hili limeoza. Tulitoe?" Naye mama: "Litoe, munganga, nipate kulala." Hakuna aliyemwambia kwamba jino lililooza laweza kuponywa likabaki mahali pake, maana munganga mwenyewe hakuwa na vifaa vya kuliponya. Baadaye nyama mama aliikatakata kwa kisu vipande vidogo kama punje za mahindi, akavimeza karibu bila kutafuna. Hindi la kuchoma alilipukuchua lote akatugawia sisi watoto. Alisema hayo mahindi hayapendi tena. Sikuamini, na hadi leo siamini.

Kinachoniuma nikitazama nyuma ni miaka. Tarehe 16 Mei 1960, wiki sita hivi kabla ya uhuru wetu, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California, mwanga uliotoka katika kijiti cha yakuti. Miaka michache tu ikapita, watafiti wakaujaribu kwenye meno. Ulitoboa, lakini kwa joto la kuweza kuunguza kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Kazi ikaendelea miongo mitatu, hadi mwaka 1997 Marekani iliporuhusu leza ya erbiamu itumike kuchimba jino. Mwanga wake hunywewa na maji. Sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko sehemu isiyooza. Maji hayo huchemka ghafla, hupasuka, na uozo hubanduka chembe kwa chembe huku mnyunyizo wa maji ukipoza. Hakuna ule mtetemo wa keekee unaopanda hadi fuvuni, na wagonjwa wengi hawahitaji hata sindano.

Kwenye mzizi kazi ni ngumu zaidi. Mfereji wa mzizi una vichochoro vyembamba ambavyo tupa ya daktari haivifikii, na humo ndimo vijidudu hujificha. Dawa ya kuoshea ni ileile iliyomo katika javeli tunayofulia nguo, ikiwa imepimwa kwa kazi hiyo. Leza ikipigwa ndani ya dawa hiyo, vipovu huzuka na kupasuka, vikiisukuma dawa hadi vichochoroni. Tupa na javeli bado vinatumika. Mwanga unavisaidia tu kufika mbali.

Lakini leza si jambo ninalolilia zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, jirani yetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ilijaribiwa njia isiyohitaji umeme wala keekee: uozo hukwanguliwa kwa vijiko vidogo vya chuma, kisha tundu huzibwa kwa saruji inayoshikamana na jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Vijiko na saruji! Munganga wetu angevichemsha katika sufuria ileile. Tundu likiwa bado dogo, gego la mama lingepona kwa mkono, na lisingefika kwenye koleo.

Kisha ikaja vita. Tarehe 5 Septemba 2002 mji mdogo wa Nyankunde ulishambuliwa, na hospitali yake iliyokuwa tegemeo la eneo letu lote la Ituri ikaporwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Mei 2003 watu wa Bunia walijazana karibu na uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, maturubai bega kwa bega. Meno yaliwauma humo pia, ila nani angethubutu kulalamikia jino mbele ya mtu aliyezika watoto?

Sasa kuna kijana mmoja mjini, amesomea udaktari wa meno Kinshasa. Anaziba, anatibu mizizi, na amemwokolea mpwa wangu gego la chini ambalo zamani lingetupwa kwenye ndoo. Nilimwuliza habari ya leza. Akanionyesha kwenye simu mashine ya makumi ya maelfu ya dola, akasema, "Papa, hata nikipewa bure, kura nitaitoa wapi?" Kura kwetu ni umeme. Mtambo wa umeme wa Budana ulijengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo; yeye anategemea sola na jenereta, na mafuta anayahesabu kwa chupa.

Nilipomwuliza angependa nini kwanza, hakutaja mashine. Alisema anataka watu waje tundu likiwa dogo. Wengi huja shavu limevimba. Hapo huwaeleza kwamba jino bado laweza kubaki, ila tiba ya mzizi hudai kurudi mara mbili au tatu, na kila mara kulipa. Kung'oa ni siku moja na bei ndogo. Mama yeyote aliyekimbia vita huko Djugu na kulala kambini hawezi kuahidi kwamba wiki ijayo atakuwa hapa Bunia, wala kwamba nauli itapatikana. Huomba ling'olewe leo, na daktari hulitoa, ingawa mkononi ana ujuzi wa kuliokoa.