Mshale Uliotaka Kutugombanisha

Mkitumia gari moja na mwenzio, kuna mambo matatu mtakayogombania: nani kasogeza kiti, nani kabadilisha stesheni ya redio, na mafuta yameenda wapi. Mawili ya kwanza yanaisha kwa utani. La tatu ni pesa, na pesa ndani ya nyumba haina utani.

Gari letu ni la mwaka 1998. Mwaka jana mshale wa geji ya mafuta ulianza kulala kwenye E. Asubuhi naweka mafuta ya elfu hamsini, jioni baba watoto anawasha gari, mshale haujanyanyuka. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akaomba risiti. Mara ya tatu hakuuliza kitu, na hapo ndipo nilipoogopa. Jamani, mwanaume akinyamaza namna ile, ujue ameshapiga hesabu zake. Kwenye hesabu hizo mimi ama nilikuwa mwizi, ama nina safari nisizozisema.

Nikamwambia, "Jumamosi twende kwa fundi umeme, wote wawili. Usiniamini mimi, wala usiuamini huo mshale."

Fundi alinyanyua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko na kuchomoa nyaya zinazoingia kwenye tenki. Akaniambia niwashe swichi bila kupiga stata. Akagusisha waya wa geji kwenye bodi kwa sekunde chache, mshale ukapanda hadi F!

"Mama, geji ya mbele nzima, na waya mzima," akasema. "Ugonjwa uko ndani ya tenki."

Humo ndani kuna boya lenye mkono wa chuma. Mafuta yakipanda, boya linapanda, na mkono unabadilisha kiasi cha umeme unaofika kwenye geji. Fundi alichomoa waya wa betri, akaulizia kama kuna mwenye sigara, kisha akakitoa kifaa chote. Akalitikisa boya karibu na sikio la mume wangu. Chwa, chwa. Lilikuwa limetoboka na kujaa petroli, kwa hiyo linazama hata tenki likijaa. Tukapata kifaa kingine Gerezani, pamoja na mpira mpya wa kuzibia.

Nanyi mkianza kutiliana shaka, jazeni tenki mpaka pampu ya sheli ikate yenyewe, kisha rudisheni kilomita za safari kwenye sifuri. Mkijaza tena, gawanyeni kilomita kwa lita. Kilomita 300 kwa lita 30 ni kilomita 10 kwa kila lita. Hesabu hiyo haina upendeleo. Ila msikae na geji mbovu kwa kubahatisha: kwenye magari mengi ya EFI pampu iko ndani ya tenki na inapozwa na mafuta hayohayo. Tenki likikauka kila mara, pampu inakufa.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, mume wangu aliniomba radhi, nami nikampokea. Lakini sikumficha: geji ilipona kwa saa mbili, ule ukimya wake ulinikaa moyoni wiki kadhaa. Siku hizi akiwa na wasiwasi anauliza, hata kama swali lenyewe linaudhi. Afadhali swali.