Visiwa Visivyo na Mto

Katika bahari ya Atlantiki, kiasi cha kilometa 1,000 mashariki ya pwani ya Marekani, viko visiwa vidogo viitwavyo Bermuda. Avitazamaye kutoka merikebuni huona mapaa meupe pe juu ya vilima, akadhani watu wameanika mashuka. Kumbe ndiyo maji yao ya kunywa.

Huko hakuna mto wala ziwa la maji baridi. Waingereza waliotupwa huko na dhoruba mwaka 1609, na waliowafuata, ikawabidi wajifunze kuyategemea mawingu. Paa lao ni vibao vya mawe laini, kimoja kimelalia ukingo wa kingine kama ngazi, na juu yake hupakwa chokaa. Mvua kubwa ikishuka, zile ngazi huyapunguza maji mbio yasiruke nje. Hupokewa na ukingo wa mawe, yakateremka kwa bomba mpaka birika lililo chini ya nyumba yenyewe.

Sheria yao ni kali: sehemu nne katika tano za paa zikinge maji, na birika lisafishwe walau mara moja kila miaka 6. Wengine hutia humo samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Usicheke, msomaji, samaki hao hawadai mshahara. Siku hizi iko pia mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, maana watu na wageni wamezidi, lakini mapaa hayajaachwa.

Nilipopata habari hizi naliona haya. Mimi nimeezeka mabati, nikajivuna kijijini. Na mvua ya kwanza nikaketi barazani nikitazama maji yakichimba ua wangu, huku mama watoto yuko njiani atoka kisimani na ndoo kichwani, ameloa chapa.

Hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa la meta 10 kwa 6, likipata mvua ya milimita 10, latoa lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20, ijapokuwa kidogo hupotea. Maji ya kwanza humwagwa, kwa kuwa yana vumbi na mavi ya ndege. Yafuatayo ndiyo hukingwa, na chombo kikafunikwa.

Nalinunua bati moja la kukunja mfereji, na pipa moja lenye kifuniko. Mvua iliyofuata ilinyesha alfajiri. Pipa lilijaa kabla hatujamaliza chai, na mama watoto akaleta sufuria zote za jikoni.