Picha ya Bibi

Mwezi huu tunawaletea habari za picha, maana nyumbani kwetu kumekuwa na ugomvi juu ya picha moja tu.

Ni ya bibi yetu. Amekaa kwenye kiti cha studio pale Goma, kitenge kipya, nyuma yake pazia la maua. Ilipigwa kwa kamera ya filamu. Enzi hizo filamu ilikuwa na picha 36, ikiisha ndipo unangoja zisafishwe, na negativu zinabaki kwa mwenye studio. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikalipuka, lava ikapita katikati ya mji, na studio ile ikaenda na negativu zake. Tukabaki na ile moja ya karatasi. Tulipokimbilia Uganda ilikuja ndani ya Biblia ya mama.

Hapa Naguru ndipo tulipoona kamera ya dijitali, ya kijana jirani aliyekuwa akipiga picha harusini. Unapiga, unaona hapo hapo! Kumbe hata si kitu kipya. Mhandisi wa Kodak huko Marekani, Steven Sasson, alitengeneza moja mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ilipiga nyeusi na nyeupe tu, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Ndani hakuna filamu. Mwanga unaangukia kidude chenye vijichumba vingi, kila kimoja kinaugeuza mwanga kuwa umeme, na umeme unakuwa namba. Ya Sasson ilikuwa na vijichumba 10,000. Simu za leo zina mamilioni. Kodak wenyewe waling'ang'ania filamu, na Januari 2012 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni.

Na tusisahau, simu na kamera hizi zina kitu cha kwetu. Koltani inatoa tantali, inayotumika kwenye vidude vidogo vya kuhifadhi umeme ndani yake. Mwaka 2000 bei yake ilipopanda sana, mjomba wetu aliacha shamba akaenda kuchimba Masisi. Kamera yenyewe hakuwahi kuimiliki.

Basi, yule kijana akaipiga picha ya bibi, akaiweka kwenye memori kadi. Tukaona bibi amepona, tukazembea. Mvua ikaingia kupitia mabati, karatasi ikaloa, nusu ya uso ikawa doa. Tukakimbilia kadi. Tulipoipeleka dukani kuchapisha, mwenye kompyuta akasema ina virusi, akaifuta yote. Bibi, ubatizo wa mapacha, miaka mitatu. Lawama si yake peke yake. Sisi hatukuwa na nakala nyingine hata moja.

Sasa ugomvi. Mwezi uliopita mpwa wetu alipiga lile doa kwa simu, akaiambia programu ya akili bandia imalizie uso. Ikatoka safi ajabu, bibi anacheka. Sote tukashangilia, isipokuwa mama. Aliitazama sana, halafu akasema: «Huyu hapana mama yangu. Mama alikuwa na pengo.»

Mpwa akasema siku hizi picha zote ni hivyo. Kweli, mashine zinatengeneza hata watu wasiokuwepo. Ndiyo maana Leica mwaka 2023 walitoa kamera inayobandika kwenye picha alama ya kuonyesha ilikotoka. Lakini kamera hiyo ni ya matajiri, na bibi hakuingoja.

Tumekubaliana hivi. Karatasi yenye doa imerudi kwenye Biblia, na nakala tatu zimechapishwa: moja iko kwa dada Nakivale. Ile ya simu, mpwa amekatazwa kuituma kwenye kundi la ukoo mpaka aandike chini yake kwamba imetengenezwa na mashine. Mpaka leo hajaandika.