Moto Watuchunga

Asubuhi za Kasulu zina baridi ambayo sisi watu wa visiwani hatukuizoea. Niliingia darasani nimevaa koti juu ya kanzu. Vijana wakatazamana, wakazuia kicheko, wakaniamkia kwa heshima. Mwalimu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, alikuwa ameniomba nikae na wanafunzi wake wakati wa likizo, kwanza Kasulu na kisha Kibondo, niwafundishe utunzi. Walikuwa vijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba. Siku ya kwanza niliwataka jambo moja tu: kila mmoja aandike beti mbili juu ya kitu anachokijua.

Jioni nikazisoma karatasi zao. Karatasi baada ya karatasi nilikuta bahari: jahazi limetweka tanga, minazi inayumba, lulu imelala kilindini. Walioandika hayo wamezaliwa kwenye vilima vya udongo mwekundu, kati ya migomba, mihogo na maharage. Wengi wao hawakuwa wamefika hata Ziwa Tanganyika, seuze Bahari ya Hindi. Sitaficha kwamba kwanza nilifurahi. Vina vilikaa mahali pake, nami nikajiona niko kwetu. Usiku ulikuwa umekwenda sana nilipotambua kuwa nilichokuwa nikikisoma ni sauti yangu mwenyewe, nikirudishiwa na watoto wenye adabu.

Sikuweza kuwalaumu. Mimi nami niliianza kazi hii kwa kuazima. Shule niliiacha mapema, na ushairi nikajifunza peke yangu kwa kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha 1954, kilichoeleza sheria za kutunga mashairi. Nilihesabu mizani kwa vidole hadi vidole vikawa vinahesabu vyenyewe. Miaka mingi ilipita kabla sijazingatia kwamba mwalimu wangu huyo, niliyemdhania wa pwani kabisa, alizaliwa Ujiji mwaka 1924, mkoa huu huu wa Kigoma. Basi sheria ambazo vijana hawa waliziogopa kama mali ya wageni ziliandikwa na mtu aliyezaliwa jirani na vilima vyao. Niliwaambia habari hiyo asubuhi yake. Walinyamaza, kisha msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo na sisi tunaruhusiwa?"

Nilimjibu kuwa hakuna wa kumruhusu wala wa kumkataza. Niliwasimulia jinsi Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alivyotoa *Kichomi* mwaka 1974, na jinsi watetezi wa vina na mizani walivyobishana na wenzao wa mashairi huru. Mimi ni mtu wa mizani na nitakufa hivyo. Lakini niliwaambia kuwa ugomvi ule ulitufaa sote, kwa kuwa ulitulazimisha kuuliza shairi ni la nani. Nikawataka waandike upya, safari hii juu ya kazi ya mikono yao.

Hapo ndipo nilipokosea.

Kijana mmoja mkimya aliandika juu ya tanuru la matofali. Kasulu nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma. Matofali mabichi hupangwa yakawa kama chumba, chini huachwa midomo ya kutilia magogo, nje hukandikwa udongo, kisha moto huwashwa na kulindwa usiku na mchana. Ukizembea, yale ya nje hubaki mabichi na jasho lote hupotea. Alikuwa akilinda tanuru pamoja na kaka yake. Katikati ya ubeti aliandika: *Sisi, moto watuchunga.*

Nilidhani amepotoka. Moto hauchungi mtu. Mtu ndiye auchungaye moto. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata, nikaandika juu yake: *Moto sisi twauchunga.* Mizani nane kwake, mizani nane kwangu; nilijipongeza kwa kutoharibu hata silabi moja. Nikamrudishia mbele ya wenzake na kuwaeleza kosa lilipokuwa. Akasema, "Ahsante, mwalimu." Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Nikaenda Kibondo na lile jambo rohoni. Huko nilifundisha kwa namna nyingine, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiogopa. Kibondo ni mahali pa kumfunza mtu kusikiliza. Mwaka 2015 wakimbizi walipovuka tena kutoka Burundi, kambi ya Nduta ilifunguliwa upya katika wilaya hiyo. Na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, mwenyeji na mgeni husikilizana bila mkalimani. Mimi niliyejiita mfasiri ndiye niliyehitaji kufasiriwa. Niliwaomba vijana wasimulie kwanza kwa Kiha, wakitazamana wao kwa wao, nami nikae pembeni. Sikuelewa maneno, lakini niliona mikono ikiamka na nyuso zikibadilika. Walipomaliza ndipo wakaandika kwa Kiswahili. Kiswahili hicho kilikuwa na mikunjo nisiyoizoea, na safari hii sikuinyoosha. Niliuliza tu, "Hapa ulitaka kusema nini?" Mara nyingi walikuwa wamekwisha kulisema.

Nikamkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyekulia katika Kizanaki kisha akawafasiri Kaizari na Mabepari wa Shakespeare kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwambia kwamba lugha ile si yake. Kwa nini basi mimi nilimwambia hivyo, kwa wino mwekundu, mtoto wa Kasulu?

Niliporejea Kasulu nilimtafuta, nikamkuta kwenye tanuru. Moto ulikuwa umezimwa, wakipakua matofali. Nilimwomba radhi, nikamtaka anieleze mstari wake. Alitazama chini kwanza, kisha akaniuliza kwa upole, "Mzee, umewahi kulala kwenye tanuru?"

"Sijawahi, mwanangu."

"Ukishauwasha huwezi kuondoka. Huendi kwenye mpira, huendi msibani. Ukisinzia unakuamsha. Sisi tunakaa pale unapotaka moto."

Sikuwa na neno. Alichokiandika kilikuwa kweli tupu, iliyolipiwa kwa usingizi wake, nami nilikuwa nimeibadilisha kwa msemo ambao kila mtu anao. Nilimwomba aniandikie tena shairi lile. Akasema atafikiri. Sikumshurutisha, wala sijalipata hadi leo. Mstari ule mmoja nimeuandika hapa kwa idhini yake, jina lake amelizuia.

Tangu siku ile nikisoma kazi ya kijana, kalamu huiacha mfukoni na mikono huiweka juu ya meza. Vina vikivunjika nitamwonyesha, maana ufundi ni amana na sina haki ya kumnyima. Lakini kwanza humuuliza alikuwa wapi alipoyaona aliyoyaandika, kisha nikanyamaza mpaka amalize.