Machela ya Daraja na Vitakizo Vyake

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika makala haya twataka kueleza jinsi chombo kigeni cha wapenda kulala porini kilivyotupatia usingizi, na jinsi kilivyoyafufua maneno ya Kiswahili yaliyokuwa yakififia vinywani mwa wanafunzi wetu hapa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda.

Neno machela tulilipata kwa Wareno, waliolitumia Bara Hindi na Msumbiji kwa kitanda cha kuning'inia kinachochukuliwa mabegani mwa watu. Leo twalitumia kwa kitanda cha kubebea mgonjwa, na pia kwa kile cha kufungwa kati ya miti miwili. Wanafunzi wetu hawakuona ugumu wo wote katika maana hizo, kwa kuwa lugha yao ya Rukiga ina neno engozi, yaani machela ambayo wanakijiji humbebea mgonjwa wao kuteremka milima hadi hospitali.

Machela ya kawaida hukusanya kitambaa chake miishoni kama mdomo wa gunia lililofungwa, na alalaye humo hujikunja kama ndizi. Machela ya daraja hufuata kanuni ya daraja la kuning'inia. Pindo zake mbili hukatwa kwa mviringo na kushonewa kanda imara, nazo kanda hizo hubeba uzito wote kama zibebavyo nyaya za daraja. Kichwani hutiwa fimbo moja, na miguuni nyingine, ili kuzitanua. Kwa hiyo mtu hulala amenyooka, hata kwa ubavu.

Fimbo hizo tuziiteje? Wengine walikwisha kuziita kwa jina la Kiingereza. Lakini kitanda cha kamba cha pwani kina majina ya kila kiungo chake: tendegu ni mguu, mfumbati ni mti wa ubavuni, kitakizo ni mti wa kukingama kichwani au miguuni, na mchago ni upande wa kichwa. Basi machela ya daraja ni kitanda chenye vitakizo viwili, kisicho na mifumbati wala matendegu. Tulipolieleza hivyo darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, kumbe hata kitanda cha bwenini kina vitakizo?" Tukamjibu kwamba kinavyo, ila ni vya chuma.

Machela tuliyopewa na rafiki ilikuwa na kitakizo cha mchagoni chenye sentimita 90, na cha miguuni chenye sentimita 75. Mabega yetu ni mapana, na kanda ziliyabana hata tukaamka na ganzi mikononi. Nasi kila mwaka huwaongoza vijana milimani. Mwalimu asiyelala usiku hafai kuwachunga watoto kwenye magenge mchana. Tukaazimia kuchonga kitakizo cha mchagoni chenye sentimita 100.

Hapo hesabu ilihitajika. Kitakizo hakibebi uzito kama boriti ya dari. Husukumwa kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati, na hatari yake ni kupinda ghafula. Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, alionyesha kwamba uwezo wa fimbo nyembamba kustahimili msukumo wa namna hiyo hupungua kwa kipeo cha pili cha urefu wake. Kuongeza sentimita 10 juu ya 90 kunapunguza nguvu ya fimbo ile ile kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo fimbo ndefu sharti iwe nene zaidi. Tena, kamba mbili zitokazo katika ncha za kitakizo hukutana mbele yake na kufanya pembetatu. Kitakizo kikirefushwa na kamba zikabaki vile vile, pembe hutanuka na msukumo huzidi. Basi na kamba nazo zirefushwe.

Tulichagua mwanzi uliokomaa, tukaukausha kivulini kwa majuma sita. Tuliukata ili kila mwisho uwe na fundo karibu, kwa sababu pingili tupu hupasuka upesi. Ndani ya kila ncha tulitia kizibo cha mti mgumu chenye kijino cha kuingia katika pete ya kamba, kisha tukaizungushia ncha hiyo uzi wa katani kwa nguvu. Katikati hatukutoboa tundu lo lote.

Kabla ya kulala tuliifunga machela chini, kimo cha goti, tukaipakia gunia la mahindi usiku kucha. Kamba za mitini tuliziinamisha digrii 30. Kwa mwinamo huo mtu wa kilo 80 huvuta kila kamba kwa nguvu ya kilo 80. Zikikazwa hadi digrii 15, nguvu hiyo hufika karibu kilo 155. Kila asubuhi twaupitisha ukucha juu ya mwanzi kutafuta ufa, maana mwanzi ukivunjika huacha vibanzi vyenye makali ya kisu karibu na uso wa aliyelala. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa hata ukuta hautafaa, ni kukata kitakizo kingine.

Sasa mabega yamepona. Vijana wetu nao husema "lete kitakizo cha mchagoni" pasipo kufikiri, kama watu waliozaliwa na maneno hayo. Ndugu walimu, kabla ya kumwazimia mgeni jina, na tukitazame kwanza kitanda cha babu.