Herufi G ya fundi wa Kadutu

Bukavu. Kwenye njia inayoshuka kutoka soko la Kadutu, chini ya bati mbili zilizoshikiliwa na mawe, kuna meza ya fundi wa mashini za kushona. Ni papa wa miaka sitini na kitu, na wengi wanamjua kwa sababu anaweza kufungua mashini iliyoshikana kwa kutu na kuirudishia mwendo wake. Lakini kazi inayowasimamisha wapita njia ni nyingine. Ni ile ya kurudisha maandishi na maua ya dhahabu kwenye mashini nyeusi za zamani, hasa zile za Singer.

Mashini ya miaka mingi haichakai sawasawa. Juu ya mkono wake, pale penye jina, dhahabu inaweza kubaki hadi leo. Mbele, kwenye ukingo wa kitako, pale nguo inapopita na kiganja cha mshonaji kinapokaa tangu asubuhi hadi jioni, maua yanaisha yote. Inabaki rangi nyeusi, na penginepo chuma kitupu. Fundi akipapasa ukingo huo anajua kama mwenye mashini alishona kwa kujipatia chakula ao alishona sikukuu tu.

Watu wanayataka maandishi hayo kwa sababu ya pesa. Sokoni mashini isiyo na jina inaitwa chuma. Mashini ileile, sindano ileile, ikiwa na jina lake linalong'aa, bei inapanda na mnunuzi hasumbui sana. Kwa jamaa iliyokimbia vita na inayotaka kuuza kitu kimoja ili ilipe nyumba ya kupanga, maandishi si urembo.

Na mara nyingi ni wenyewe wanayaharibu. Mama anataka kupeleka mashini sokoni, anaisugua kwanza kwa alkoli ili ing'ae. Vanishi iliyopakwa juu ya mashini nyingi za zamani inayeyuka ndani ya alkoli, na dhahabu iko chini ya vanishi hiyo. Kwanza inageuka rangi ya fedha, kisha inakuja yote kwenye kitambaa. Fundi anachukia alkoli kuliko kutu. Yeye anatumia mafuta ya mashini na pamba laini, anapangusa polepole, na anaanza upande wa nyuma chini, mahali ambapo kosa halitaonekana. Uchafu mweusi ukitoka, anaendelea. Pamba ikionyesha rangi ya njano, anaacha palepale.

Kiwandani maua hayo hayakuchorwa kwa mkono. Yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi, yakahamishwa kutoka karatasi hadi kwenye chuma kilichopakwa rangi nyeusi, halafu vanishi ikapita juu. Kule Clydebank, Uskoti, ambako Singer nyingi zilitengenezwa mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka wa 1980, ndivyo kazi ilivyofanyika. Fundi alijaribu kufuata njia hiyo. Mtoto wa dada yake aliyeko Kampala alimtumia karatasi za kubandika kwa maji, akaenda nazo kwenye sekretariati ya kuchapishia karibu na soko. Printa haina wino wa dhahabu. Kilichotoka kilikuwa rangi ya haradali. Tena hakuna aliyemwambia kwamba wino wa printa ya namna ile lazima upakwe vanishi kabla ya karatasi kuingia majini. Alipoilowesha, jina lote lilitiririka ndani ya beseni mbele ya wanafunzi wake wawili, na vijana hao bado wanamkumbusha.

Akarudia njia ya wachora mabango. Anatafuta kwanza mashini ambayo maua yake yako hai. Hapigi picha na telefone tu, kwa kuwa mkono wa mashini ni mviringo na picha inadanganya. Anafunga karatasi ya kalki juu ya chuma, anafuata kila mstari kwa penseli ngumu. Ikiwa upande mmoja wa ua umekufa na wa pili uko hai, anaigeuza kalki, kwa maana maua mengi ya namna hii yana pande mbili zinazofanana kama mbawa za kipepeo. Pale pande zote mbili zimekufa, anangoja. Kuna kalki moja yenye pengo la vidole viwili ambayo imengojea miaka minne ipite mashini nyingine ya aina ileile.

Kisha anachukua filamu ya radio, ile ya kifua ao ya mguu uliovunjika ambayo mgonjwa anarudi nayo nyumbani. Anailowesha ndani ya maji ya javeli mpaka weusi wote utoke, inabaki plastiki safi, ngumu, inayokubali kujipinda juu ya chuma. Anakata herufi kwa wembe. Anapaka vanishi nyembamba kupitia matundu hayo, anangoja. Kungoja huku ndiko kazi yenyewe. Vanishi ikiwa mbichi, unga wa shaba unazama na kuwa tope. Ikikauka, unga haushiki. Anajaribu kwa mgongo wa kidole, mahali pa pembeni: ikinata bila kuacha alama, anapuliza unga, anaupitisha kwa brashi ya manyoya. Mvua ya Bukavu inaharibu hesabu zote, kwani siku ya ukungu vanishi inachukua mara mbili ya wakati. Kesho yake anapaka vanishi nyingine juu, kwa maana unga wa shaba ukiachwa wazi unageuka kijani.

Kuna wateja wanaotaka kinyume. Baadhi ya Singer za zamani zina picha ya sfinksi, mnyama wa Misri mwenye mwili wa simba, mabawa na kichwa cha mtu. Mama mmoja alileta mashini yake afutiwe mnyama huyo, kwa sababu jirani alimwambia ni pepo na ndiye anayekata nyuzi. Fundi alirekebisha mvuto wa uzi, nyuzi zikaacha kukatika, mnyama akabaki. Hakumtoza pesa ya kufuta.

Tatizo lilianza na mchuuzi mmoja. Alikuwa analeta mashini za Butterfly, zile za Shanghai. Ni mashini nzuri. Umbo lake limefuata Singer namba 15, hata vipande vingi vinaingiliana, na nusu ya washonaji wa mji wanakula kwa mashini za aina hiyo. Mchuuzi hakutaka zitengenezwe. Alitaka zifutwe jina na kuandikwa Singer. Alilipa dola kumi kwa kila moja, na alilipa siku ileile, jambo ambalo wateja wengine hawakuliweza. Mwaka ule fundi alikuwa na mtoto wa chuo na mke mgonjwa. Aliandika kumi na moja.

Kalki ya jina aliyotumia ilikuwa ile ya kwanza kabisa, na ilikuwa na kosa. Mashini aliyoinakili ilikuwa imekwanguliwa penye herufi ya nne, ile G. Fundi alijaza pengo kwa kukisia, akaipa G kiguu kidogo kinachoshuka chini ya mstari, kama alivyofundishwa kuandika shuleni. Baadaye akapata Singer nzima, akaona G ya kiwanda haina kiguu. Akakata filamu mpya. Ile ya kwanza hakuitupa. Aliitunza kwa ajili ya kazi za mchuuzi, akijiambia kwamba kwa vyovyote zile si Singer.

Msimu uliopita wa mvua alifika mama mmoja aliyetoka Kalehe. Alikuwa amekuja Bukavu na watoto wanne na shemeji yake, wote ndani ya chumba kimoja huko Panzi. Mashini ilikuwa kichwani mwa kijana wa kubeba mizigo. Ilikuwa inaruka mishono. Fundi aliweka mezani, akafungua kitambaa, na kabla hajagusa gurudumu aliona G yenye kiguu.

Aliuliza ameinunua wapi. Mama akaeleza bila kuulizwa mara ya pili. Nyumbani alikuwa na Singer ya mama yake mzazi, ndiyo iliyomsomesha. Siku ya kukimbia walibeba watoto na sufuria. Mashini ilibaki chini ya kitanda. Alipopata pesa za msaada, wenzake walinunua unga na mabati. Yeye alizunguka siku tatu akitafuta Singer, kwa kuwa mkono wake ulizoea Singer na alitaka wateja waone jina hilo. Alilipa dola 110. Butterfly ya hali ileile, siku zile, ilipatikana kwa 65.

Fundi alirekebisha kuruka kwa mishono kwa muda mfupi. Sindano ilikuwa imeingizwa kinyume, basi. Alishona kipande cha kitenge, mshono ukaenda sawa. Mama akatoa pesa. Hapo angeweza kuzipokea na kunyamaza; mashini ilikuwa inashona, mama alikuwa anacheka.

— Mama, kaa kidogo. Mashini hii si Singer.

Mama alimwangalia kana kwamba amemtukana mtoto wake. Akaonyesha jina kwa kidole.

— Jina hilo ni mimi niliandika.

Akamwonyesha mambo ambayo kila mnunuzi anaweza kuyaangalia mwenyewe. Kwenye Singer za zamani namba imegongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia, nayo mara nyingi inaanza na herufi moja ao mbili. Nyingi za Clydebank za kuanzia katikati ya miaka ya 1930 zina mbili, ya kwanza E. Kwenye nguzo kuna beji ndogo ya shaba iliyoshikwa na vipini viwili. Mashini ya mama haikuwa na beji, na namba yake haikuwa na herufi za Singer. Unga wa shaba unaweza kuandika jina lolote, lakini namba iliyogongwa ndani ya chuma haiandikwi kwa brashi. Akamwuliza kama anakumbuka namba ya mashini ya mama yake. Hakuikumbuka. Hakuna aliyewahi kuiangalia. Tangu siku hiyo fundi anaandikia kila mteja namba ya mashini kwenye kipande cha karatasi na kumwambia aiweke pamoja na karatasi za kuzaliwa za watoto, ili vita ikimtenganisha na mashini yake, siku akiiona mikononi mwa mwingine awe na neno la kusema.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali, kwa sababu pale Kadutu kelele zinakwisha na watu wanacheka. Alihesabu kwa vidole. Dola 45 zilikuwa kodi ya chumba ya miezi mitatu.

— Papa fundi, ulikula ngapi?

— Kumi.

— Na zile zingine?

— Alikula mwenye kuuza.

— Huyo simjui aliko. Wewe ninakujua.

Mtu anaweza kusema kwamba hilo halikuwa haki, kwamba fundi alipaswa kudaiwa kumi tu. Mwanafunzi wake mkubwa alisema hivyo, tena kwa sauti. Fundi alimnyamazisha. Akasema atalipa 45 kidogo kidogo, dola tano kila Jumamosi, na akachukua pamba na alkoli, ile alkoli anayoichukia, ili afute jina papo hapo. Aliona aibu kulitazama.

Mama alifunika jina kwa kiganja.

— Usifute. Leo ukifuta, kesho nitadai kwa kitu gani? Siku utakapomaliza kulipa, ndipo utafuta.

Akaifunga mashini ndani ya kitambaa, kijana akaipandisha kichwani, wakashuka.

Mchuuzi alirudi baada ya wiki mbili na mashini tatu. Fundi alikataa. Mchuuzi akazipeleka kwa vijana wanaokata stika za pikipiki, ambao kazi yao ni ya haraka na herufi zao hazina kosa hata moja. Filamu ya zamani yenye G ya kiguu fundi hakuichoma. Ameitundika kwa msumari juu ya meza, na mteja akiuliza, anaeleza: mwenye mashini ya Kadutu yenye G ya namna hii ailete. Mpaka sasa zimerudi mbili. Mwenye moja alikasirika, akaondoka. Mwenye nyingine, kijana anayeshona mavazi ya shule, alisema mashini haina neno, akaomba tu achongewe mguu mpya.

Mama wa Kalehe anakuja kila Jumamosi kabla ya saa sita. Anapokea tano zake, anahesabu, anaulizia hali ya mke wa fundi. Zimebaki dola kumi. Jumamosi iliyopita alikuja na mashini yenyewe, akasema uzi wa chini unafungamana. Fundi alisafisha nyumba ya bobini, akapaka mafuta, akapangusa mkono wa mashini kwa pamba, akiizunguka G bila kuigusa.