Kabati la Ukutani

"Anko, hii kitu mbona haisongi?"

Mpwa wangu alikuwa amelikumbatia kabati la chumba cha mama, mishipa ya shingo imemtoka. Alidhani limewekwa pale. Nikamwambia halikuwekwa, lilijengwa: fremu imepigiliwa ukutani, na saruji ya sakafu ikamwagwa baadaye, ikaishia miguuni pake. Lete mtalimbo.

Tuko Buruburu, Nairobi, Awamu ya Kwanza. Marehemu baba alishikilia kwamba tulihamia 1974. Barua ya mkopo imeandikwa 1975. Haidhuru. Kabla ya hapo tulikaa Makongeni, nyumba za Reli, chumba kimoja, na nguo zilikuwa na mahali pawili tu: kwenye msumari nyuma ya mlango, au ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Lilikuwa jeusi, limechorwa maua mekundu, na ufunguo wake mama aliufunga kwenye pindo la leso. Ndani mlikuwa na vitenge visivyovaliwa, vyeti vya kuzaliwa, blanketi la wageni, na vidonge vya naftalini vilivyofungwa katika kitambaa cha soksi kuukuu. Desemba likifunguliwa, tulijua kwa harufu tu kwamba kesho tunapanda basi kwenda ocha, kijijini. Mpaka leo nikinusa naftalini namsikia utingo akipiga bodi.

Buruburu ilijengwa na Baraza la Jiji kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, la Uingereza, ikauzwa kwa mikopo kwa wenye mshahara wa mwezi. Kwetu kabati lilikuja na nyumba, kama sinki. Mama alilifungua, akalitazama, akalifunga. Kwa siku mbili nguo zilikaa kitandani. Siku ya tatu aliliingiza sanduku ndani ya kabati, na kufuli lake, kisha suti moja ya baba ikaning'inia juu yake. Baba alicheka. Mama alimwambia nyumba ya mkopo ni ya mwenye mkopo.

Mkopo uliisha. Bustani zikageuka maduka na vyumba vya kupangisha, malango ya chuma yakaota, matatu za ruti ya 58 zikaanza kututikisa vioo kwa muziki.

Leo mtalimbo ulipomaliza kazi, mbao za kabati zilitoka nzima. Fundi niliyemwita atengeneze jipya akazigonga kwa kidole: "Mzee, za hivi hazipo tena." Kisha akaniomba nimwachie! Anazotaka kuniuzia ni unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi. Ukinusa maji unavimba kama mandazi. Eti ndizo za kisasa.

Mama, barazani, hakuuliza habari za kabati. "Sanduku mmeliweka wapi?"

Liko kitandani. Fundi alikuwa ameshachora kabati jipya, lenye droo mpaka chini. Nimemwambia afute, apime sanduku kwanza.